Mzimu Uliolala: Nilivyojifunza Kupanga Msimu wa Tamthilia

Usiku wa tatu wa onyesho letu la kwanza, katika mwaka wangu wa kwanza kama meneja wa jukwaa wa ukumbi wa chuo kikuu, ndio ulionifundisha mengi kuliko kozi yoyote niliyosoma, ingawa wakati ule niliuona kuwa ni fedheha tupu. Tulikuwa tunacheza Juliasi Kaizari ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na tulikuwa tumefika tendo la nne, pale Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, anapoketi usiku ndani ya hema lake, kijana anayempigia muziki amesinzia, mwanga unafifia, na mzimu wa Kaizari unatakiwa kuingia. Nilitoa ishara ya taa, nazo zikafifia kama zilivyopangwa. Nilitoa ishara ya sauti, na ngoma nzito ya chini kwa chini ikaanza. Brutus akainua macho kuelekea kona unakotokea mzimu, akatetemeka, akauliza anayemjia ni nani, na hakujibiwa, kwa sababu kwenye kona ile hapakuwa na mtu.

Kaizari alikuwa amelala. Baada ya kuuawa katika tendo la tatu alikuwa ameingia chumba cha maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na joho lake lenye madoa mekundu, akajilaza juu ya rundo la mapazia ya zamani, na usingizi ukamchukua. Kule jukwaani Brutus, kwa werevu ninaomshukuru hadi leo, aliamua kujibizana na hewa: alisema maneno yake, kisha kwa sauti ya chini akasema na ya mzimu, kana kwamba anayasikia kichwani mwake. Baadhi ya watazamaji walitoka wakiusifu ubunifu wa mwongozaji. Mwongozaji hakukanusha.

Nilikwenda chumba cha maleba nikiwa tayari kugombeza. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa rundo lile la mapazia, kichwa amekishika kwa mikono miwili. "Dada, nisamehe," alisema. "Jana nilikuwa na mtihani, leo asubuhi nilikuwa na mtihani, na tangu niuawe mpaka nifufuke kuna karibu dakika hamsini." Hasira yangu ilikosa pa kushika. Sisi ndio tuliochagua tamthilia yenye watu wengi kuliko tulionao, tukaipanga katikati ya mitihani, tukamtwika kijana mmoja jukumu linalomwacha bila kazi kwa muda mrefu kisha kumtaka aruke kutoka usingizini dakika moja tu. Ule uzembe ulikuwa wetu, na ulikuwa umefanyika miezi mitano kabla, kwenye meza ya kikao.

Nimeukumbuka usiku ule mara nyingi majuma haya, kwa kuwa tunakamilisha mpango wa msimu ujao, wa nne tangu nianze kazi hii, na kwa mara ya kwanza nimepewa kiti katika kamati inayochagua. Kwa misimu mitatu nilikuwa mtu wa kupokea orodha na kuitafutia taa, mbao na watu. Sasa niko upande wa pili wa meza, na nimegundua kwamba jambo pekee ninaloweza kuichangia kamati ambayo wajumbe wake wote wamesoma tamthilia nyingi kuniliko mimi ni kumbukumbu ya namna kila uamuzi wao ulivyoonekana ulipofika nyuma ya pazia.

Nianze na usaili wa Juliasi Kaizari. Walikuja watu 40: wanawake 31 na wanaume 9. Tamthilia ile ina wanawake wawili tu wenye majina, Portia na Calpurnia, na wote wawili huondoka mapema. Katika kikao cha uchaguzi hakuna aliyetaja jambo hilo, wala sisi wa nyuma ya jukwaa hatukuulizwa, ijapokuwa kila aliyewahi kukaa mlangoni siku ya usaili katika vikundi vya vyuo anajua kwamba wanawake huwa wengi zaidi. Kumpa mwanamke nafasi ya mwanamume hakuna ubaya wowote, na jukwaa halijawahi kuwa na shida na jambo hilo, kwani enzi za Shakespeare wavulana ndio waliocheza wake na mabinti, na hadhira ililia machozi ya kweli. Shida yetu ni kwamba tulilifikiria jambo hilo siku ya usaili yenyewe, kwa haraka, kama kiraka. Msichana aliyesoma vizuri kuliko wote siku ile, ambaye sauti yake ilifika safu ya mwisho bila kupayuka, aliambulia nafasi ya raia mmoja katika umati unaomsikiliza Antony. Alifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka usiku wa mwisho, na msimu uliofuata hakurudi. Orodha ile niliibandika mlangoni kwa mikono yangu mwenyewe.

Kosa jingine la msimu ule lilikuwa la karatasi. Mjumbe mmoja alieleza kwa uhakika kwamba Shakespeare alifariki mwaka 1616, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa, nasi sote tukaafiki. Mabango yalikuwa yameshabandikwa pale mhadhiri mmoja aliposimama mbele ya bango ukutani, akalisoma hadi chini, akaniuliza kwa upole, "Na mfasiri je?" Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza mwaka 1963, akairekebisha na kuichapisha upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na alifariki mwaka 1999. Tafsiri ni kazi yenye hakimiliki yake yenyewe. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka muda wa chini wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimeurefusha hadi miaka 70. Kwa hesabu hiyo ya chini kabisa, Kiingereza cha Shakespeare ni cha kila mtu, lakini Kiswahili tulichokuwa tukikikariri kila jioni hakitakuwa huru kabla ya mwaka 2050. Tuliandika barua usiku uleule, na ruhusa ikapatikana, lakini kwa muda wote tuliosubiri jibu nilikuwa nikipita mbele ya yale mabango nikiangalia chini.

Tangu hapo nimeweka utaratibu ambao wengine wanauona kuwa ni wa kikarani mno: tamthilia haiingii kwenye orodha ya kupigiwa kura mpaka pembeni ya jina lake pawe na jina la mwenye haki, awe mtunzi, mfasiri, mrithi au mchapishaji, na tarehe ambayo barua ilitumwa. Si tarehe ambayo itatumwa. Kwa tamthilia za watunzi walio hai kuna faida ambayo sikuitarajia, nayo ni kwamba barua ya kuomba ruhusa humlazimu anayeiandika kueleza kwa nini anaitaka tamthilia hiyo, ataicheza na nani na kwa usiku mangapi. Na nimeshaona pendekezo likifa lenyewe mezani kwa sababu aliyelileta hakuweza kuimaliza aya ya pili ya barua yake.

Kuhusu kalenda nitasema zaidi, maana hapo ndipo misimu ya vyuo hufia. Ukumbi wa chuo kikuu si wa kikundi cha sanaa peke yake. Msimu wa pili, siku tisa kabla ya kufungua pazia, nilifika asubuhi na waigizaji wangu nikakuta sakafu yote imejaa madawati ya mtihani, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka mpaka juu ya jukwaa, kila moja lina namba iliyoandikwa kwa chaki. Ofisi iliyohusika ilikuwa na barua yake, nasi tulikuwa na yetu, na zote mbili zilikuwa halali. Hakuna aliyekuwa amezilinganisha. Kwa siku nne tulifanya mazoezi kwenye ushoroba wa ghorofa ya pili, mahali ambapo huwezi kusogea zaidi ya hatua tatu kwa upana. Tuliporudi ukumbini waigizaji wote walikuwa wamezoea kusimama wamebanana, na jukwaa zima likabaki tupu pande zote mbili, wao wakiwa katikati kama watu waliojikinga mvua chini ya mwavuli mmoja. Ilituchukua majuma mawili kuwatawanya tena, na juma moja kati ya hayo hadhira ilikuwa imeshakata tiketi.

Ndiyo sababu msimu hupangwa kwa kuhesabu kinyumenyume. Unaanza na usiku wa kufungua, unarudi nyuma siku tatu za mazoezi ya kiufundi, ambayo watu wasiofahamu kazi hii hudhani ni mazoezi ya kawaida yenye taa, kumbe ni siku za kutoka ishara moja ya taa au sauti hadi nyingine, mwigizaji akisema sentensi moja na kusimamishwa, akirudia na kusimamishwa, mpaka anachukia taaluma nzima, unarudi nyuma siku tano za kujenga mandhari, unarudi nyuma majuma sita ya mazoezi, kisha usaili. Halafu unahesabu mbele kutoka usiku wa mwisho, kwa sababu kuna siku ya kubomoa, na siku hiyo haikumbukwi na mtu. Msimu wa pili tulijenga nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mbao halisi, kazi nzuri mno ya seremala wetu, na tamthilia iliyofuata, ambayo ilitokea jangwani, ilichezwa na ngazi zile zikiwa nyuma zimefunikwa kitambaa cheusi. Watazamaji walikuwa wakisubiri mtu azipande. Hakuna aliyezipanda.

Jambo la mwisho kabla sijafika kwenye msimu wenyewe ni saa ya mkononi. Mtu akisoma tamthilia kimya, chumbani kwake, anaisoma kwa kasi ya macho. Ulimi na miguu vina kasi nyingine. Msimu wa tatu kamati ilipitisha Hamlet bila mtu kuisoma kwa sauti. Hiyo ni tamthilia yenye mistari inayokaribia 4,000, ambayo ikichezwa bila kupunguzwa hukaribia saa nne, na mwongozaji wetu alianza kuipunguza wakati waigizaji walikuwa wameshakariri. Kuondoa maneno kwenye kichwa cha mtu ni kazi ngumu kuliko kuyaingiza. Usiku mmoja mwigizaji alirukia tendo ambalo halikuwapo tena, mwenzake akamfuata kwa adabu, na wote wawili wakajikuta wamefika mahali ambapo mnong'onezi, yule anayewakumbusha waigizaji maneno, hakuwa na ukurasa wao. Mwaka huu tumesoma kila tamthilia kwa sauti, tumeketi duara, saa ikiwa mezani. Mbili kati ya zilizopendekezwa ziliachwa si kwa ubaya wake, bali kwa sababu tulipofika katikati watu watatu walikuwa wamesinzia, na mimi nina historia na watu wanaosinzia.

Zilizobaki zimekuwa msimu wa maonyesho manne, nami nitayataja kwa mpangilio wake, kwa kuwa mpangilio ndio tuliougombania zaidi kuliko majina.

Tunafungua na Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, katika tafsiri ya Samuel Mushi. Wapo waliosema kwamba kuukaribisha mwaka wa masomo na msiba wa zaidi ya miaka 2,400 ni kuwafukuza wanafunzi wapya. Mimi niliitetea kwa sababu moja ya kikazi, nayo ni korasi, lile kundi linalosema na kuimba kwa pamoja. Mapokeo yanasema kwamba Sophocles aliiongeza korasi kutoka watu 12 hadi 15, na watu 15 ni nafasi 15 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao hawajawahi kusimama mbele ya taa, watakaojifunza kupumua pamoja, kugeuka pamoja na kusikilizana kabla ya kukabidhiwa sentensi ya peke yao. Zaidi ya hapo, Aristotle anamtaja Sophocles kuwa ndiye aliyeleta mwigizaji wa tatu, na katika ukumbi wa Wayunani waigizaji hao watatu waligawana wahusika wote kwa kubadili barakoa. Tutaufuata mtindo huo kwa sehemu, tukiwa na waigizaji watano. Anayetoka kama mjumbe atarudi kama mchungaji, na chumba cha maleba kitakuwa na msongamano ambao hautamruhusu mtu kujilaza. Tiresias, yule mwaguzi kipofu, atachezwa na mwanamke, na safari hii si kiraka, kwani visasili vya Wayunani vyenyewe vinasimulia kwamba Tiresias aliwahi kuishi miaka saba akiwa mwanamke.

Onyesho la pili ni jioni ya tamthilia fupi tatu zilizoandikwa na wanafunzi, kila moja chini ya nusu saa. Kwa misimu mitatu tuliziweka mwisho wa mwaka, baada ya mitihani, tukiita nafasi hiyo ya heshima huku tukijua kwamba mabweni yameshaanza kuwa matupu. Mwandishi mmoja mwaka jana alionyesha kazi yake mbele ya watu 14, na sita kati yao walikuwa wafanyakazi wa taa. Nimesisitiza zikae mahali ambapo watu bado wapo na bado wana hamu, na nimeahidi kwamba hazitahitaji mandhari zaidi ya meza moja, viti viwili na dirisha. Dirisha ni kwa ajili ya tamthilia inayohusu foleni mbele ya ofisi isiyofunguliwa. Tulipoisoma kwa sauti ilikwenda dakika 22, na kicheko kikaongeza nyingine tano.

Ya tatu, iliyo moyo wa msimu kwa maoni yangu, ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Inahusu wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo, na kwa kikundi chetu ni kama iliandikwa baada ya mtu kuhesabu waliokuja usaili. Wanawake hapa wana kauli, wanagombana, wanavunjana moyo, wanarudi. Lakini nguzo yenyewe imeninyima usingizi kuliko mwigizaji yeyote. Ya kwanza tuliijenga kwa mabati mepesi na karatasi, ikapakwa rangi ikafanana na gogo halisi, na mazoezini wanawake wanane waliishika wakajifanya wanahangaika. Ilichekesha pasipotakiwa kuchekesha, kwani mabega yao yalikuwa yakidanganya na kila mtu aliona. Ya pili ilikuwa gogo la kweli, na fundi wetu alilikataa kabla hata halijaingia mlangoni, akisema hatalala usiku akijua kwamba liko juu ya vichwa vya watu. Sasa tuna ya tatu, bomba la mbao nyembamba lenye uwazi ndani, na kwenye kitako chake tumefunga mifuko ya mchanga. Ukiishika peke yako haiendi popote. Mkiishika wanne inainuka kidogo kisha inayumba, na mtu mmoja akiachia kwa wakati usiofaa wengine watatu wanalisikia jambo hilo viwikoni. Tuliijaribu Jumamosi iliyopita bila maneno yoyote ya tamthilia, na mwongozaji hakuwa na la kuwaelekeza, maana miguu yao ilikuwa imeshajipanga yenyewe.

Tunafunga na Mashetani ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1971. Wengi walitaka ifungue msimu kwa kuwa wahusika wake wakuu, Juma na Kitaru, ni vijana wasomi kama hadhira yetu, na kwa kuwa ule mchezo wao wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu unavuta watu. Niliomba iwe ya mwisho. Mwisho wa mwaka ndio wakati tunapobaki na watu wachache, kila mmoja akiwa na tasnifu ya kumaliza, na tamthilia inayobebwa na vijana wawili hodari inaweza kufanyiwa mazoezi hata kwenye chumba cha semina, hata kama ukumbi umejaa madawati yenye namba za chaki. Mbuyu tutauchora kwa taa. Vijana hao wawili tutawachagua mapema kabisa, mwanzoni mwa mwaka, ili wakae na tamthilia hiyo muda mrefu. Na mmoja wao hataruhusiwa kuigiza kwingine kokote, jambo ambalo limeshaleta manung'uniko.

Barua zote za ruhusa zimeshatumwa, na majibu mawili yamerudi. Ofisi ya ukumbi nimeipelekea kalenda yetu mkononi, nikakaa pale mpaka karani akaiweka juu ya kalenda ya mitihani na kuzipitisha pamoja siku moja moja. Tulikuta tarehe mbili zinagongana, tukazisogeza palepale. Usaili wa Mfalme Edipode utaanza Jumatatu saa kumi jioni. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, na hadi jana ilikuwa na majina 43, ambapo 29 ni ya wanawake. Jina la tatu kutoka juu ni la yule msichana wa Juliasi Kaizari, ambaye sasa yuko mwaka wake wa mwisho. Yule aliyecheza Kaizari naye ameshahitimu, lakini ameomba arudi kusaidia nyuma ya jukwaa, nami nimempa kazi ya kuwaita waigizaji kabla ya kila ishara yao ya kuingia.